Mtawa wa Kiti cha Mbele

Ijumaa, 1 Novemba. Riyadh

Daftari hili nimelinunua sokoni Batha leo, lenye jalada la waridi, kwa sababu furaha imenijaa kifuani na Zeinab amechoka kuisikia. Kesho natimiza wiki kumi na mbili kamili tangu niwe mke wa Onesmus. Mke wa Onesmus! Nimeandika jina langu upya nyuma ya daftari mara tisa.

Nieleze kidogo, nisije nikasahau nikiwa bibi kizee. Mimi na Onesmus tunafanya kazi nyumba moja. Yeye ni dereva, mimi ni wa usafi na nguo, na Zeinab wa Mombasa ndiye mpishi. Madam alitupa chumba cha dereva kando ya lango, tukae humo kama mume na mke. Wakenya wangapi hapa Saudia wana bahati hiyo? Wengi mke yuko Dammam, mume yuko Abha, ndoa iko kwenye simu. Mimi naamka namwona wangu, kope zake ndefu kama za ndama.

Jumanne, 5 Novemba

Baba, yaani bosi wetu, ameleta mwalimu wa kungfu wa kuwafundisha wanawe mpaka kabla ya Ramadhani. Si mwalimu wa kawaida. Baba anawaambia watu wote kwamba ni mtawa mpiganaji wa Kibudha, tena halisi, mia kwa mia. Onesmus ndiye aliyetumwa uwanja wa ndege kumpokea.

Nilitarajia jitu. Kumbe ni mzee mfupi wa miaka hamsini na kitu, koti la kijivu, viatu vya kitambaa, mfuko mmoja tu. Tunamwita Shifu, yaani mwalimu kwa Kichina chao. Kiarabu chake ni cha kuvunjavunja kama chetu, kwa hiyo tunaelewana naye kuliko tunavyoelewana na madam.

Onesmus alirudi macho yakimeremeta.

"Seli, amenishika bega akaniambia najua kusimama."

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu! Anasema watu wengi hawajui."

Mimi nimemwambia anasimama vizuri tangu siku ya kwanza nilipomwona. Macho hayakumeremeta hivyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Mashati arobaini na mawili. Onesmus alinipungia mkono kutoka garini, mara moja.

Alhamisi, 14 Novemba

Desturi ya gari letu ni hii: madam na watoto nyuma, mimi nyuma kabisa na mifuko, kiti cha mbele hakina mtu. Kiti kile nilikipenda hivyo hivyo kikiwa kitupu. Nilikuwa nikitazama kisogo cha mume wangu na ule utupu kando yake, najiambia ni wangu, siku moja tutakuwa na gari letu.

Leo Shifu amekaa pale. Kutoka nyumbani hadi kwa dada yake madam wamezungumza, wakacheka. Onesmus akiendesha huwa hacheki. Na mimi ndimi mkewe.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ya kwanza. Barabara zimejaa maji, madam amekataa kutoka. Mtu mwingine angeshukuru apate usingizi. Wangu ameamka alfajiri akaenda uani kusimama na Shifu, magoti yamekunjwa kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Nusu saa! Nikawatazama dirishani, wote wawili wamelowa, hawasemezani, na sijawahi kuona watu wawili waliokaribiana hivyo.

Mchana nikampelekea paja la kuku nililomwekea.

"Mpe Zeinab, mpenzi. Nimeacha nyama kidogo."

"Umeacha nyama? Wewe Mkamba?"

"Kidogo tu, nijaribu."

Nikaenda kulia jikoni. Zeinab akacheka hadi akashika meza.

"Wewe bi harusi una mambo! Wenzio wanaona wivu wa wanawake, wewe waona wivu wa babu mwenye kipara!"

"Zeinab, huyo si mtawa."

"Wamjuaje?"

Nikamwambia kwetu tumewaona wengi. Mtu analala fundi wa viatu, anaamka nabii. Mchungaji wa kweli humtambui kwa kanzu. Unamtambua kwa kuangalia nani anamfulia, nani anampikia, na wake wa watu wanarudi nyumbani saa ngapi. Na mimi ndiye ninayemfulia huyu. Akiwa bandia, nitajua kabla ya baba.

"Basi kichwani pale ana alama tisa za kuchomwa," akasema Zeinab. "Nimeziona alipovua kofia. Onesmus asema wao huchomwa kwa udi siku ya kiapo."

"Inaweza kuwa tetekuwanga."

"Tetekuwanga iliyopanga foleni, shoga yangu?"

Jumapili, 1 Desemba

Nimefua nguo zake kwa karibu mwezi mzima. Suruali mbili, kanzu fupi mbili, soksi zenye viraka alivyoshona mwenyewe. Mifukoni hamna kitu. Hata risiti.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo tulikuwa istiraha, ile nyumba ya mapumziko nje ya mji ambako baba hualika rafiki zake. Akawa ameagiza matofali. Matofali ishirini, yamepangwa kwenye zulia! Wageni wakatoa simu. Baba akasema, "Yalla, Shifu, vunja kwa kichwa."

Shifu akayatazama matofali, akasema, "Mafi." Yaani hakuna.

"Mafi vipi?"

"Hiyo sarakasi. Namjua mtu mzuri wa sarakasi. Nikupe nambari yake?"

Wageni waliangua kicheko, lakini baba aliona haya. Mmoja akamwambia baba kwa sauti, "Abu Fahad, umeuziwa feki." Nilikuwa na sinia ya chai mkononi na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Feki! Nikawamiminia wote chai hadi ukingoni.

Kurudi, nikamwambia Onesmus, "Umesikia?"

"Nimesikia. Na wewe umeona? Watu ishirini wanamcheka na mkono wake haukutetemeka. Mimi nikichekwa na mtu mmoja tu silali."

Kisha akanibusu kwenye paji la uso, kama mtu anayebusu mtoto.

Jumapili, 15 Desemba

Naandika haraka. Nimefanya jambo. Zeinab alikuwa na ruhusa ya kwenda Batha kutuma nguo kwao, nikashika jiko. Mboga za Shifu hupikwa kando, bila nyama, bila hata vitunguu. Nimetia pawa mbili za supu ya mifupa ya kondoo. Mtawa halisi atajua kwa harufu tu, atakataa. Bandia atakula na kuramba sahani.

Sahani imerudi tupu. Nimeibusu!

Jumatatu, 16 Desemba

Shifu anatapika tangu jana jioni. Baba ameita daktari. Daktari amesema tumbo ambalo halijaonja mafuta ya nyama kwa miaka zaidi ya arobaini likiyapata ghafla huchafuka hivi, akauliza kama kuna aliyekosea jikoni. Madam akamgeukia Zeinab. Zeinab akaniangalia mimi.

Shifu, akiwa amelala, akasema, "Mafi muskila, hakuna shida. Nina mafua. Pua haikunusa."

Daktari akaondoka. Hakuna aliyeulizwa tena.

Onesmus amehamishia godoro lake chumbani kwa Shifu amhudumie. Godoro lake! Mimi nimelitia sumu penzi langu kwa mkono wangu. Nilitaka mume arudi kwangu, nimemsukuma akalale miguuni pa yule mzee, anamshikia beseni, anamfuta uso kwa kitambaa changu cha harusi, kile cheupe.

Jumatano, 18 Desemba

Mzee amepona. Onesmus amerudi. Zeinab haniambii neno. Jikoni ananyoosha tu mkono, nampa chumvi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kazi kama kawaida. Tuliimba wimbo mmoja chumbani kwa sauti ya chini, mimi na Onesmus. Alinipa hereni za rangi ya kahawia, nami nikampa sweta. Nampenda mpaka meno yananiuma.

Ijumaa, 10 Januari

Sijui nianzie wapi. Nimeandika mstari huu mara tatu nikafuta.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya chumba chetu tukiota jua, kwa maana Riyadh mwezi huu ni baridi kama Limuru. Nilikuwa nimelaza kichwa begani kwake. Akasema, "Seli, nataka kukuambia kitu, usinikatize."

Anataka kumfuata Shifu. Akimaliza kazi hapa, Shifu anarudi kwenye nyumba yao ya watawa milimani, na huwa wanapokea wanafunzi kutoka nje. Miaka miwili. Kichwa kinanyolewa. Simu inakabidhiwa. Mke haendi.

"Unataka kuwa mtawa?" Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mwanafunzi. Miaka miwili kisha narudi. Wengine wanabaki, mimi narudi."

"Tuna miezi mitano ya ndoa, Onesmus! Mitano!"

"Najua."

"Nina ubaya gani?"

"Huna ubaya wowote. Ndiyo maana ni ngumu." Akafunika uso kwa mikono. "Nimekuwa mlinzi miaka minne, dereva miaka mitatu. Kazi yangu yote duniani ni kufungulia watu milango. Nikimaliza kuifungua, hakuna anayejua kama bado niko pale. Yule mzee ni mtu wa kwanza kuniambia niko na kitu ndani yangu. Nataka kujua ni kitu gani."

Mimi ndimi niliyekuwa mtu wa kwanza. Nilikuwa nimekiona hicho kitu kabla ya mchina yeyote kushuka kwenye ndege. Lakini mke akisema, mume husikia mapenzi tu, hasikii ukweli.

Nikamwambia, "Na kama ni mwongo? Umeona cheti chake?"

"Nimekiona. Kina mihuri na jina la bwana aliyemwapisha, na la bwana wa bwana wake, na wa nyuma yake. Lakini mwenyewe anasema usitazame cheti, vyeti vinachapishwa sokoni. Anasema na ngumi pia usitazame, askari yeyote ana ngumi. Anasema mtawa mpiganaji kwanza ni mtawa. Kupigana ni kazi aliyopewa akiwa tayari ameacha kutaka kumpiga mtu."

"Maneno matamu."

"Seli, tafadhali."

"Ameshasema atakuchukua?"

"Sijamwomba rasmi. Nitamwomba mwezi ujao, familia ikihamia Jeddah."

Basi ninazo wiki nne. Mungu wangu, nipe kosa lake moja tu. Unywele mmoja wa mwanamke kwenye shuka zake.

Jumatatu, 20 Januari

Shuka zake ni safi.

Jumapili, 26 Januari

Vumbi. Sikuweza kuanika. Shuka zake bado safi.

Jumanne, 4 Februari. Jeddah

Tumehamia kwa mamake baba, mtaa wa Al-Baghdadiyah, hadi Ramadhani. Ni saa tisa garini, na saa tisa nzima nilitazama visogo viwili. Kimoja kimenyolewa. Cha pili kimeanza kunyolewa chini chini, pembeni. Anafikiri sijaona.

Ijumaa, 7 Februari

Tulipewa ruhusa, tukaenda Balad, mji mkongwe. Nilikuwa nimeota siku hii: mimi na yeye kwenye vichochoro, zile nyumba za mawe ya matumbawe, roshani za mbao, apige picha nikiwa nimevaa hereni zangu. Akamwalika Shifu.

Wakasimama mbele ya mlango mmoja wa zamani karibu robo saa, Shifu akimwonyesha jinsi mbao zilivyoshikana bila msumari. Nikasimama kando na simu mkononi kama mtalii aliyepotezwa na wenzake. Ni Shifu aliyegeuka akaniona. Akamvuta Onesmus mkono, akasema, "Yalla, mpige mkeo picha. Jua linaondoka."

Picha ni nzuri sana. Nimeifuta.

Alhamisi, 13 Februari

Leo yamenipata.

Nilikuwa juu ya paa naanika. Shifu akapanda ngazi, akasimama mbali, upande wa pili wa kamba, mashuka yakiwa kati yetu. Akaomba ruhusa ya kuongea. Kwa Kiarabu chake na changu ilituchukua muda, ila nimeyaelewa yote.

Alisema Onesmus amemwomba rasmi jana. Alisema kwao mtu akija mlangoni huulizwa maswali kabla hata hajapewa maji. Je, ametoroka jeshi? Ana ugonjwa anaouficha? Wazazi wamekubali? Na mwenye mke huulizwa: mke amekubali?

"Nimekuja kuuliza," akasema.

"Onesmus hakukuambia nimekubali?"

"Ameniambia utakubali. 'Atakubali' si jibu. Lazima nisikie kwako."

"Na nikikataa?"

"Hapana safari."

Nikadhani sikusikia. Nikapenya katikati ya mashuka nimwone uso. "Kwa neno langu tu?"

Akafikiri, akatafuta mfano, akaupata palepale tunapoishi sisi sote. "Mfanyakazi akiondoka bila ruhusa ya kafili, mnamwitaje?"

"Hurubu." Mtoro aliyemkimbia mwajiri wake. Neno ambalo kila Mkenya hapa analiogopa kuliko simba.

"Mume akija kwetu bila ruhusa ya mke, ni hurubu. Anaweza kunyoa kichwa, anaweza kuvunja matofali mia. Bado hurubu. Na mimi niliyempokea, mimi ni mwizi, si mtawa."

Miezi mitatu nimemtafuta bandia kwenye soksi zake. Bandia angemchukua Onesmus, akafurahi kupata mtu wa kumbebea mfuko. Huyu amepanda ngazi tatu kuja kuniuliza mimi, mtu wa mashuka, ambaye nilimlisha supu ya mifupa.

Nikamwambia. Sijui kwa nini. "Ile mboga, Desemba. Ni mimi."

"Najua. Zeinab anapika vizuri zaidi."

Nikacheka na machozi juu. Kisha nikakumbuka kitu ambacho sijaandika humu kwa sababu humu nilitaka kuandika furaha tu. Kafili wangu wa kwanza, kabla ya nyumba hii, alikataa kunipa ruhusa ya kutoka mama yangu alipougua. Nilimwomba nimepiga magoti jikoni. Mama akazikwa nikiwa naosha sahani. Niliapa kwamba sitamshika kiumbe yeyote kwa ruhusa maisha yangu yote.

Na leo ruhusa imewekwa mkononi mwangu, na jina lililoandikwa juu yake ni la mtu ninayempenda kuliko pumzi.

"La," nikasema. "Sikubali."

Hakushangaa. Hakunishawishi. Aliinamisha kichwa, akasema, "Halas," yaani basi, akashuka ngazi polepole.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Shifu amemwambia Onesmus, "Siwezi kukuchukua." Alipoulizwa sababu, akasema tu kwamba masharti hayajatimia. Hakunitaja.

Onesmus ameingia chumbani akaupiga ukuta kwa ngumi.

"Masharti! Miezi mitatu naamka alfajiri! Yule mgeni wa baba alisema kweli. Ni feki, Seli. Ulikuwa umeniambia tangu mwanzo. Nisamehe."

Akanikumbatia. Akalia shingoni kwangu. Kila nilichokuwa nimeomba tangu Novemba kilikuwa mikononi mwangu, na sikuweza kukikaza.

Jumamosi, 15 Februari

Amekula kuku, mapaja mawili. Amenipeleka ufukweni Corniche, tukala aiskrimu, akanishika mkono mbele za watu. Ameniita malkia.

Jumapili, 16 Februari

Shifu akikaa kiti cha mbele, Onesmus hamjibu. Mzee anatazama barabara. Leo mtoto mkubwa wa baba amemwiga anavyotembea, na Onesmus akacheka kwa sauti. Sikumjua aliyecheka.

Jumanne, 18 Februari

Shifu anaondoka leo. Asubuhi Onesmus alimwambia baba anaumwa kichwa, mzee apande teksi. Akajilaza kitandani na viatu. Nilikuwa napiga pasi.

"Aende zake na uongo wake," akasema.

Nikaiweka pasi wima.

"Aliniuliza mimi," nikasema.

"Nini?"

"Kwao mume hapokewi bila mke kukubali. Alikuja paani Alhamisi, akaniuliza. Nikasema hapana. Yeye hakukudanganya. Ni mimi."

Alikaa kitako taratibu.

"Siku nne," akasema. "Siku nne umenisikia nikimtukana."

"Ndiyo."

"Tumekula aiskrimu."

"Ndiyo, Onesmus. Na akiniuliza tena leo nitasema hapana. Sikuambii ili nibadilishe neno. Nakuambia kwa sababu yeye ni wa kweli, nawe unafaa kujua uliheshimu mtu wa kweli. Hukukosea kumheshimu."

Alichukua ufunguo wa gari kwenye msumari akatoka. Nikasikia lango. Nikachungulia: Shifu alikuwa ameshasimama barabarani na mfuko wake mmoja, na mume wangu akashuka, akazunguka gari, akamfungulia mlango wa mbele. Alisimama akiwa ameushika, wima, hata mzee alipokuwa ameshaketi.

Baadaye, alasiri

Amerudi. Kwenda na kurudi uwanja wa ndege ni saa moja na nusu. Alikaa saa nne. Zeinab alikuja kukaa nami, akanikunjia taulo zote, kisha akasema, "Shoga, ulivyofanya vyote viwili vilikuwa vibaya, na vyote viwili ningevifanya."

Onesmus aliketi kwenye kiti cha plastiki, mbali na kitanda.

"Nimemwomba radhi," akasema. "Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ni wewe. Akasema, 'Ndoa ni yako. Mimi nakaa ndani yake kufanya nini?'" Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nimeegesha karibu na bahari nikamkasirikia. Kisha nikakukasirikia wewe. Bado nakukasirikia."

"Nikasirikie. Ila ukiwa hapa."

"Niko hapa." Akanitazama kwa kope zile. "Lakini Seli, yule mgeni alipanda ngazi akakuuliza unataka nini. Wewe mke wangu hujaniuliza mimi. Ulipekua nguo za mzee miezi mitatu, ukaninusa mimi, ukanichunguza kisogo. Kuniuliza, hapana."

Nikapiga magoti mbele ya kile kiti, nikaweka mikono juu ya magoti yake.

"Unataka kwenda, Onesmus?"

"Ndiyo," akasema.

Hakulipunguza makali neno hilo. Hakuongeza mpenzi, wala malkia. Lilinichoma hadi mgongoni, na sikuitoa mikono.

"Kwa nini unataka?" nikauliza. "Niambie tangu mwanzo. Sitakukatiza."

Akavuta pumzi, akaanza kuniambia.

Chai imepoa mara mbili. Madam ameita mara moja, Zeinab akaenda badala yangu. Onesmus ameomba maji sasa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika mistari hii. Bado hajafika katikati.